Spika nzuri, fundi mwenye dharau: uzoefu wangu wa kufunga muziki besmenti

Nimewapa nyota mbili. Nilianza na moja, nikapanda hadi nne usiku ule muziki ulipokaa sawa, kisha nikakumbuka maneno ya yule fundi nikashuka tena. Niseme mapema kwamba spika zenyewe sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni na kampuni iliyokuja kuzifunga, hasa mtu mmoja waliyemtuma kwangu.

Tunaishi Minnesota, Marekani. Aliyewahi kukaa huku anajua kwamba besmenti si stoo. Theluji ikishashika, kila kitu kinahamia ndani, na chumba kile cha chini ndicho kinabeba vikao vya sendofu, mazoezi ya kwaya, kipaimara cha watoto, hata msiba ukitufika. Tulijibana muda mrefu kwa ajili yake. Nilitaka spika mbili za kusimama mbele, nne za darini, na sabufa, ili anayecheza kwenye meza ya pool kule mwisho na aliyekaa kwenye makochi wasikie kitu kilekile bila kupandisha sauti mpaka watoto waamke huko juu. Wati na mambo mengine yameandikwa kwenye maboksi, siyarudii.

Fundi alikuja baridi ikiwa ndiyo inaanza kukolea. Alimsalimia mume wangu, mimi akanipita. Mchoro niliuchora mimi. Vipimo vya chumba nilichukua mimi. Kila nilichouliza, jibu lilielekezwa kwa mume wangu, mpaka mwenyewe akamwambia, "Muulize mama, muziki ni wake." Akacheka kidogo, akaendelea kuongea naye. Nikanyamaza kwa sababu nilitaka kazi iishe. Akafunga harakaharaka, akapiga muziki wake wa kelele kutoka kwenye simu yake, akatupa karatasi tusaini, akaondoka.

Jioni nikaweka kwaya. Nimeimba alto tangu nikiwa sekondari, na kwenye usharika wetu besi walisimama nyuma yangu, kwa hiyo najua besi inavyogonga mgongoni. Siku ile besi hawakuwepo. Nikisimama katikati ya chumba, soprano zinaelea tu, huwezi kusema zinatoka upande gani, na chini yake hakuna kitu. Nikisogea pembeni karibu na ukuta, besi wanarudi. Nikaweka rumba, mambo yakawa yaleyale: gitaa la solo linalia vizuri, la besi limemezwa. Pesa zote zile, na muziki unasikika kama redio ya mkulima.

Nikapiga simu, wakamtuma tena yuleyule. Akaingia na viatu vyenye theluji hadi kwenye zulia, akasikiliza sekunde chache, akasema, "Huenda muziki wenu umerekodiwa hivyo." Nikamwambia muziki huohuo kwenye gari una besi. Akaangalia nyuma yangu, akaniuliza, "Mumeo yupo? Nimwelezee yeye."

Hapo damu ilichemka. Mtu amesimama kwenye zulia langu, anaukosea heshima muziki ambao hajawahi kuusikiliza, halafu ananiambia mimi, mwenye nyumba, kwamba maelezo yake si saizi yangu. Muziki wetu! Watu waliorekodi zile rumba walikuwa na maikrofoni chache na wakazipanga kwa akili, na besi zake zinasikika mpaka kwenye spika za baa za kijijini. Eti kosa ni la rekodi. Akaondoka, na siku chache baadaye bili ya kuja kwake ikafika kwenye barua pepe.

Aliyetuokoa ni mdogo wake mume wangu, ambaye zamani alifunga vyombo vya bendi ya dansi pale Morogoro. Akasikiliza kidogo tu, akasema, "Shem, kuna spika hapa zinavutana." Akachomeka ile maikrofoni ndogo iliyokuja na risiva, yaani mashine inayoendesha spika zote, akaiacha risiva ipime chumba upya. Risiva yenyewe ikaandika kwenye skrini kwamba spika ya mbele kushoto na moja ya darini waya zake zimegeuzwa. Chini ya onyo hilo kuna sehemu ya kubonyeza ili kuruka na kuendelea. Fundi aliyepima chumba mara ya kwanza aliliona onyo hilo, akabonyeza, akaendelea.

Najua onyo hilo wakati mwingine hukosea, spika za darini hasa huwa zinaichanganya mashine. Lakini likitokea unakagua waya, ndiyo kazi uliyolipwa. Shemeji alikagua kwa betri moja ya rimoti. Alichomoa waya za spika kwenye risiva, akagusisha chanya ya betri kwenye waya wa chanya na hasi kwenye hasi, mimi nikiwa juu ya ngazi na tochi. Spika iliyofungwa sawa, koni yake, ile sehemu ya mbele inayotikisika, inaruka kuja nje. Zile mbili zilirudi ndani. Tukafungua ubao wa dari, tukaona. Mwenye nyumba wa zamani aliacha waya zake zenye ganda la kuonyesha ndani, mmoja wa rangi ya shaba na mwingine mweupe, na fundi aliziunga na waya mpya zenye nyekundu na nyeusi. Maungio mengine aliunga nyekundu na shaba, haya mawili akaunga nyekundu na nyeupe. Spika moja inasukuma hewa wakati mwenzake anaivuta, na kwenye sauti nzito zinafutana. Sauti ya hezi 100 ina wimbi la zaidi ya mita 3, kwa hiyo chumbani kwetu haikuwa na pa kukwepea. Sauti nyembamba zinaponea kwa sababu mawimbi yake ni mafupi, ndiyo maana soprano zilibaki.

Tukageuza waya, nikaweka kwaya ileile. Besi wakaingia nyuma ya alto, mahali pao kabisa. Mume wangu akaacha kucheza, akabaki ameshika fimbo ya pool. Mimi nililia, na sioni aibu kusema. Spika hizi ni nzuri mno, jamani. Baadaye tukaiondoa sabufa kwenye kona, maana kuta za zege zilikuwa zinairudisha besi hadi inavuma, na tangu hapo sijagusa kitu. Usiku huo ndio niliandika nyota nne.

Kesho yake nikapiga simu nikitegemea pole tu. Dada wa mapokezi alinisikiliza vizuri, akaniomba radhi kwa sauti yake mwenyewe, akanipeleka kwa bosi wake. Bosi akasema kwa kuwa tumefungua dari wenyewe, waranti ya ufungaji imekwisha, na bili ya fundi kuja mara ya pili iko palepale. Sikuulizwa hata fundi alisema nini.

Ukiwaita watu kama hawa, usisaini karatasi kabla hujaweka muziki wako mwenyewe na kusimama katikati ya chumba, halafu uwaambie wapime mbele yako na usome kila kinachoandikwa kwenye skrini. Na kama wewe ndiye mwanamke wa nyumba, wasikuruke.

Nimesoma tena nilichoandika hapo juu. Nyota mbili ni nyingi. Naacha moja, na hiyo ni ya dada wa mapokezi. Spika zenyewe ningezinunua tena hata kesho, ila kuzifunga nitampa shemeji.