Kurasa 32 walizoniuzia mara mbili

Nianze na duka lililoniuzia kitabu, kwa sababu kitabu chenyewe hakina kosa. Au kosa lake nitalisema baadaye, hasira zikishuka.

Mimi nauza leso Biashara Street, Mombasa. Mteja akirudi na leso ambayo jina lake limeruka herufi, simuulizi kama ameshaifua wala kama ameshaivaa. Nambadilishia. Mtu hanunui kitambaa peke yake, ananunua lile neno lililoandikwa pale chini. Neno likiwa limekatika, nimemuuzia nini? Kwa hivyo ninapolalamika kuuziwa kitu kibovu, nalalamika kama mtu wa kaunta, anayejua kaunta inadai nini.

Kitabu chenyewe ni This Is How You Lose the Time War, tuseme Hivi Ndivyo Unavyoshindwa Vita vya Wakati, cha Amal El-Mohtar na Max Gladstone. Mtoto wa dada yangu, yuko Nairobi, ndiye aliyenisumbua mpaka nikakitafuta. Kilitoka 2019, kikapata tuzo zake, kisha mwaka 2023 shabiki mmoja wa katuni za Kijapani akawaambia wafuasi wake Twitter wakisome, tena wasichungulie popote kinahusu nini, wasome tu. Kitabu cha miaka minne kikapanda ghafla karibu na kilele cha mauzo ya Amazon. "Na wewe mama mdogo usiulize," akaniambia. Sikuuliza. Naomba mlikumbuke hilo, kwa maana ndilo lililoniponza.

Duka sitalitaja. Nilitoa shilingi 1,500, nikafungiwa kwenye mfuko wa karatasi, nikaenda zangu.

Kwa ufupi sana: Red na Blue ni majasusi wa pande mbili zinazopigania wakati wenyewe. Upande wa Red ni wa mitambo, upande wa Blue ni kama bustani moja kubwa yenye akili. Wanakwenda mbele na nyuma katika historia, huyu anapanda, yule anang'oa, ili kesho iwe ya upande wake. Wakati wameuchora kama nyuzi zinazosukwa, na hapo sikuhitaji kuelezwa, maana bibi yangu alikuwa akisuka ukili kutwa barazani. Nimeona kwa macho yangu mwaa mmoja ukiruka mahali pake, kazi ya siku nzima ikafumuliwa mpaka pale ulipokosewa.

Wanaanza kuandikiana kwa kebehi. Barua ya kwanza imeachwa kwenye uwanja wa vita, katikati ya maiti, na inataka ichomwe kabla ya kusomwa. Nyingine inasomwa kwenye pete za mti uliokatwa. Nyingine kwenye maji yanayochemka. Nyingine ni mbegu, unazila ndipo unasoma. Na taratibu, bila mmoja wao kutangaza, kebehi inaanza kulainika.

Nilikuwa nimefika hapo. Stima imepotea mtaa mzima, nasoma kwa tochi ya simu. Nikafungua ukurasa, nikakutana na barua niliyokwisha kuisoma jana yake. Neno kwa neno.

Sikushtuka. Kitabu kizima ni watu wanaorudi nyuma wakabadilisha kitu kidogo, mwisho ukageuka. Nikajiambia, wamenirudisha nyuma na mimi msomaji. Kuna neno wamelibadilisha mahali, wanataka nilitafute. Nikachukua penseli. Kidole cha kushoto kwenye kurasa za kwanza, cha kulia kwenye za pili, nikaenda mstari kwa mstari, koma kwa koma. Kila nilipotilia shaka nikatia alama. Adhana ya alfajiri ilinikuta nimekaa vilevile na tofauti moja tu mkononi: wino wa kurasa za kwanza ulikolea, wa kurasa za pili ulipauka kidogo, kama leso iliyokaa dirishani ikapigwa jua.

Ndipo nikatazama nambari zilizo chini. Fungu la kurasa 32 liliingizwa mara mbili, na fungu la kurasa 32 lililofuata halikuwemo kabisa. Wakati haukurudi nyuma. Fundi aliyefunga kitabu alikosea.

Niseme ukweli, pale nililia. Si kwa ajili ya 1,500. Usiku mzima nilikuwa nimewaamini watu wale, nikitafuta walichonifichia, na hapakuwa na kitu.

Nikafanya na kosa jingine, nikaendelea kusoma baada ya lile pengo. Niliwaacha kebehi yao ikianza kulainika. Ng'ambo nikakuta sumu na msiba, na sijui nani kaitia, kwa amri ya nani, na kama mwenzake alijua. Ni kama kufika matangani ukalia na wenye kulia, hakuna aliyekwambia marehemu ni nani.

Dukani nilikwenda mchana, kabla sijafungua la kwangu tena baada ya adhuhuri. Kijana wa kaunta alikuwa kwenye simu yake.

"Mwanangu, kitabu hiki kina kasoro. Kurasa hizi zimerudiwa, na nyingine hazimo."

Akakipekua. "Mama, umeshakiandika ndani."

"Ni penseli. Inafutika."

"Si ni hadithi ya watu wa kurudi nyuma hii? Basi nacho kimerudi nyuma." Akamtazama mwenzake, wakacheka.

Nikasimama palepale. Nikamuuliza, "Sasa zile zilizokosekana nitazisoma wapi?"

"Za nini, mama? Hadithi ya mapenzi mwisho wake si unaujua."

Nimetukanwa mara nyingi katika biashara, na mengi huyasahau kabla ya kufunga duka. Hili sijalisahau. Limepita kama mwezi, au zaidi, na bado nikiwa nakunja leso huwa linanirudia: mwisho wake si unaujua.

Siujui! Ningeujua ningekesha na penseli? Na mwisho wenyewe ni nini mbele ya njia ya kuufikia? Kitu kizima kilichomo katika kitabu kile ni namna adui anavyogeuka mtu unayengojea barua yake, na kugeuka kwenyewe kulikuwa ndani ya zile 32. Amenikatia jina la leso katikati kisha akaniambia rangi si umeiona.

Tena hili nimeliona kwa macho. Palikuwa na wanawake wawili wa Mji wa Kale, nyumba zao zinatazamana kwenye kichochoro kimoja, na ugomvi wao sikupata kuujua asili yake. Hawakusemezana. Mmoja akija kununua leso ataniuliza kwanza: mwenzangu kachukua ipi? Halafu atachagua ya kumjibu. Akivaa hii ya kumchoma, yule atavaa ya kumchoma zaidi. Mambo yalikwenda hivyo miaka. Siku moja akaja mmoja, akapitisha mkono juu ya leso zote bila kuzisoma, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Yule hajapita huku? Huu mwezi wa pili simuoni barazani." Nilimwambia amekwenda Lamu kwa mwanawe. Akaketi. Akachukua Japo Sipati Tamaa Sikati, akalipa, akaondoka. Sasa aje mtu aniambie mwisho unajulikana.

Na mji wenyewe huu ni wa Muyaka bin Haji, aliyeishi takriban 1776 hadi 1840. Mombasa na Lamu zinapigana, damu inamwagika Shela, na yeye anapeleka mashairi ya kejeli Lamu, na Bwana Zahidi Mngumi anamrudishia kwa mashairi vilevile. Huwezi kumjibu mtu shairi lake mpaka umelisoma vizuri kuliko jamaa zake wanavyolisoma. Red na Blue hawakunishangaza hata chembe. Kilichonishangaza ni duka la vitabu, Mombasa, lenye mtu asiyelijua hilo.

Hasira ile niliingia nayo nyumbani nikakichukia na kitabu. Kiingereza chake kinapanda juu mno, mahali pengine sentensi moja nimeisoma mara nne nikabaki na harufu yake tu. Vita vyenyewe hukuambiwa vilianzaje, wala watu wa kawaida wanaobadilishiwa jana yao wanasemaje. Kijana wa jirani yangu, anasoma uhandisi pale Technical University, alikisoma kwa siku moja akanirudishia akisema hakuna hata mstari unaoeleza safari ya wakati inafanyikaje, wanakwenda tu kama mtu anayevuka barabara. Nikamwambia kweli kabisa, ni kitabu cha ovyo. Siku ya pili nikamfuata kwao kufuta maneno yangu. Nilimwambia Red na Blue safari kwao ni kazi, na mtu wa kazi hakuelezi gia ya gari lake. Anakueleza aliyemkosa njiani. Hakukubali, lakini lile la "ovyo" nimelifuta, na hapa nalifuta tena.

Mamake kijana huyo, jirani yangu, Kiingereza kinampa shida, basi nikamsimulia kwa Kiswahili jioni kadhaa, tukila mbaazi na mahamri. Hapo nikagundua kitu. Kwa lugha yetu unasema alimwandikia, akamjibu, akamngoja, na hakuna linalokwambia huyu mke au mume. Alisikiliza, akalia kwenye barua ya mbegu, ndipo akauliza, "Huyo Red ndiye mwanamume?" Nikamwambia wote wawili wametajwa kama wanawake. Akanyamaza kitambo. Akakusanya vikombe, akavipeleka jikoni, akarudi. "Mimi mambo hayo hayanikai," akasema. "Lakini alimjibu nini?" Wapo wengine niliowasimulia walioinuka nilipofika hapo, na dada mmoja niliyekuwa nikibadilishana naye vitabu hajanipigia tangu siku ile. Siwezi kumlaumu mtu kwa lile asilotaka kulisoma. Ila yule aliyerudi kutoka jikoni nampenda zaidi tangu siku hiyo.

Tatizo, alimjibu nini nilikuwa sina. Nikampigia mtoto wa dada yangu. Hakucheka. Alitoa nakala yake, akazipiga picha zile kurasa 32, akanitumia WhatsApp, usiku kurasa chache, usiku kurasa chache, kwa sababu alikuwa na mitihani. Nyingine zimepinda, nyingine zina kivuli cha kidole chake. Za mwisho ziliingia niko kwenye foleni ya feri Likoni, narudi kutoka kwenye arusi. Watu wakapita, geti likafungwa, feri ikaondoka bila mimi, nami niko pembeni nakuza herufi kwa vidole viwili. Ile barua ambayo mmoja anaambiwa asiisome nimeisoma nimesimama, na kikapu cha vyombo kichwani. Sitasema imeandikwa nini. Wala sitasema ni nani yule anayewafuata nyuma kote, akiokota majivu na mabaki ya kila barua. Nilipomjua, nilizifikiria alama zangu za penseli.

Kwa hivyo kitabu nakipa nyota tano. Niliandika nne, kwa sababu ya kile Kiingereza, nimezifuta. Tano.

Duka nilikuwa nimelipatia sifuri, nikawaambia na wateja wangu wote wasiende. Lakini haki isemwe: juzijuzi mwenye duka mwenyewe alikuja Biashara Street. Sijui nani alimfikishia. Ni mtu mzima, alitoa salamu vizuri, akaweka nakala mpya juu ya leso zangu akasema, "Dada, tubadilishe, na unisamehe kwa yule mtoto." Nikaifungua palepale mbele yake nikahesabu nambari. Zilikuwa zote.

Na sikuichukua. Nilimwambia ile mbovu ina usiku wangu ndani, siitoi. Nilimwomba kitu kimoja, yule kijana akisome. Akasema atamwambia. Sijui kama amemwambia. Basi duka nalipatia nyota moja kwa ajili ya yule mzee, na bado nikipita mbele yake navuka barabara.

Zile picha nimezitoa kwenye karatasi kwa mchapaji wa hapa mtaani, nikazikata kwa mkasi wa dukani, nikazibandika mahali pake. Kitabu kimenenepa hakifungiki vizuri, nakifunga kwa ukanda wa leso. Sasa hivi sinacho. Kiko kwa jirani, kamwachia dada yake wa Kisauni anayejua Kiingereza amsomee tangu mwanzo, na wameniambia nisikidai kwanza.