TAHADHARI: "Jani la Cuba" linalouzwa Mbeya na Iringa ni tumbaku ya mvuke iliyopakwa rangi

Ndugu zangu mnaosokota siga nyumbani, iwe uko Mbeya mjini, Tukuyu, Mafinga au Iringa: kuna jamaa anauza majani anayoyaita ya Cuba. Usimtumie hela. Mzigo wake nimeushika mwenyewe, na nimeuona pia kwa wenzangu wawili. Wote ni uleule. Ni jani la mvuke, lile la sigara za kiwandani, lililochovywa rangi, likaloweshwa ili lizidi uzito, kisha likapuliziwa vanila ya keki kuficha harufu.

Anavyofanya ni hivi. Anaingia kwenye magrupu ya WhatsApp, anaweka picha nzuri za majani yamepangwa juu ya meza, halafu anakufuata inbox kwa heshima zote: "kiongozi", "mkuu wangu". Anakutumia sampuli ya majani machache, na sampuli hiyo ni jani halisi la siga. Hapo ndipo anapowanasa watu. Ukishasokota ukaridhika, anakwambia mzigo umebaki kidogo, kuna mtu wa Dar anautaka wote, lipa leo upakiwe kwenye basi la alfajiri. Anataka Sh 60,000 kwa nusu kilo. Jina linalotokea kwenye simu unapotaka kuthibitisha malipo si lile analojitambulisha nalo, na ukimuuliza anasema laini ni ya shemeji yake.

Mzigo unafika kweli, na kwa sababu unafika, wengi wamekaa kimya. Jani likiota ukungu au siga ikizimika kila dakika, mtu anadhani yeye ndiye hajui kutunza. Mwenzetu mmoja wa Iringa alikuwa ameshaanza kugawa vifaa vyake, kisu na vibanio vya mbao, akiamini mkono wake haufai kwa kazi hii. Mkono wake hauna tatizo lolote. Jambo hili limeniuma kuliko hela.

Kifurushi changu kilikuja kimefungwa nailoni tabaka juu ya tabaka, na ndani yake kuna matone ya maji. Rangi ilikuwa kahawia iliyokolea, sawasawa mbele na nyuma, kama kitambaa kilichotoka kwenye ndoo ya rangi. Jani halisi haliko hivyo. Upande wa juu na wa chini hutofautiana kidogo, kuna mabaka, kuna sehemu imekolea na sehemu imepauka. Nikachukua kisu nikakata mshipa mkubwa wa katikati. Nje kahawia, ndani njano. Nikakata jingine, na jingine, yote ni hivyohivyo.

Nikampelekea mzee mmoja aliyefanya kazi miaka mingi kwenye mabani ya tumbaku, yale majengo ya kukaushia, kule Chunya. Hata miwani hakuvaa. Alilisugua jani kati ya vidole, akalinusa, akavunja mshipa, akanirudishia.

"Mwanangu, hili ni la mvuke. Wameliogesha tu."

Kwa wasiojua tofauti, nieleze kidogo, maana ukilielewa hili hutapigwa tena. Chunya na maeneo mengi ya Tabora wanalima tumbaku ya mvuke. Jani linaingizwa kwenye bani, joto linapita kwenye mabomba kutoka tanurini, na kwa muda wa kama wiki moja limekauka likiwa la njano. Joto lile linalihifadhi jani na sukari yake ndani, ndiyo maana moshi wake una utamu na ukali unaochoma ulimi ukiuvuta kama siga. Ni jani zuri kwa sigara za kiwandani. Wakulima wetu wanalifanyia kazi kubwa na simlaumu mkulima hata mmoja. Namtumbo na Songea kuna ya moshi, inayokaushwa juu ya moto wa kuni, nayo harufu yake huwezi kuikosea.

Jani la siga linakaushwa kwa hewa. Linaning'inizwa kivulini majuma sita, nane, wakati mwingine zaidi, likitoka kijani kwenda njano hadi kahawia lenyewe, na sukari karibu yote inaisha njiani. Baada ya hapo linalundikwa marundo makubwa, linapata joto la ndani, linageuzwa, linalundikwa tena, na harufu kali ya amonia inatoka humo kwa wiki au miezi. Kahawia ile inapita mpaka ndani ya mshipa. Hakuna rangi ya kahawa, majani ya chai au sukari guru inayoweza kufika huko. Kwa hiyo kabla ya kipimo kingine chochote, vunja mshipa uangalie ndani. Ukikuta njano, rudisha mzigo.

Kipimo cha pili ni kitambaa cheupe cha pamba kilicholoweshwa maji. Kibonyeze juu ya jani bila kusugua. Tumbaku yoyote huacha doa hafifu la njano, hilo lisikutishe. La huyu jamaa liliacha doa jeusi papo hapo, na vidole vikanata kwa sukari. Kisha washa kipande kidogo. La siga linashika moto polepole na kuacha majivu ya kijivu. Hili lilitatarika, likafanya ukingo mweusi wa kung'aa, likazimika.

Uzito nao ni wizi wa pili. Jani lililokaa kwenye unyevu wa hewa wa kawaida wa kutunzia siga, asilimia 65 hadi 70, linajipinda bila kuvunjika lakini halilowanishi mkono. Nusu kilo yangu niliianika kivulini ndani ya nyumba mpaka ikafikia hali hiyo, na mnajua hewa ya Mbeya ilivyo kavu kipupwe kinapoisha. Mzani ukasoma gramu 340. Nimenunua maji ya bomba kwa bei ya Cuba.

Sasa maji hayohayo yana hatari ambayo haina uhusiano na hela, na ningeomba mtu asiipite sehemu hii. Nikotini inayeyuka kwenye maji na inapenya ngozi. Watu wanaovuna tumbaku mashambani ikiwa na umande wanaumwa kwa namna hii: kichwa kinazunguka, kichefuchefu, kutapika, jasho la baridi. Ukikaa na jani lililolowa chapachapa, unalichambua mshipa na kulikunja kwa mikono mitupu, unaweza kupata hali hiyohiyo hata kama hujavuta chochote. Mwenzangu mmoja alitapika usiku kucha baada ya kuchambua mzigo wa huyu jamaa, akadhani ni chakula. Aliyeshaupokea avae glavu, anawe kwa sabuni, na asiuache karibu na watoto. Mtoto akila hata kipande, kimbia naye hospitali.

Kuhusu hilo jina la Cuba. Tumbaku ya kule iko chini ya usimamizi wa serikali, na jani la kufungia siga kwa nje, lile la Vuelta Abajo, mkoa wa Pinar del Río, linaenda kwenye viwanda vyao wenyewe. Linalimwa chini ya vitambaa vya kivuli ili liwe jembamba, lenye mishipa midogo na linalovutika bila kuchanika. Ni sehemu ya gharama kubwa kuliko zote kwenye siga. Mtu wa kukuuzia hilo kwa kilo, kwenye mfuko wa nailoni, juu ya stendi ya Nane Nane, hayupo. Na tumbaku ya mvuke ya wakulima wa hapa ina utaratibu wake kupitia vyama vya msingi na wanunuzi wenye leseni, chini ya Bodi ya Tumbaku. Ukikutwa na furushi lisilo na karatasi yoyote, maswali utajibu wewe na si yeye.

Nilimpigia kwa utulivu, nikamwambia nimevunja mshipa. Akasema jani la Cuba ndivyo lilivyo, kwamba sisi wa bara hatujalizoea. Nikamwambia nitamrudishia mzigo kwa basi, anirudishie hela. Akasema sawa. Jioni nikawa nimeblokiwa, na kesho yake namba nyingine ikaingia kwenye grupu la Iringa na picha zilezile, ile meza ileile yenye alama ya kuungua pembeni.

Namba siweki hapa, kwa sababu anabadilisha laini na usajili si wake, tunaweza kumuumiza mtu asiyehusika. Badala yake, kila mwenye ujumbe wake wa malipo aitume namba iliyopokea hela kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu, na awapigie huduma kwa wateja wa mtandao wake haraka. Kama hela haijatolewa, kuna nafasi ya kuizuia. Ukichelewa imeondoka.

Mimi na wenzangu wawili tunaenda kuandikisha malalamiko polisi hapa Mbeya wiki hii. Tunahitaji wengine, hasa wa Mafinga na Tukuyu. Msifute chati, hata zile za mwanzo alipokuwa anawasifia. Hifadhini ujumbe wa muamala wenye jina lililotokea, risiti ya basi, na picha ya kifurushi kikiwa hakijafunguliwa kama mnayo. Majani yenyewe msiyachome. Yakausheni, yafungeni kwenye karatasi si nailoni, andikeni tarehe mliyopokea. Na kwenye kila furushi acheni mishipa michache haijakatwa, mpelelezi aivunje mwenyewe.