Nimetafuta pa kujifunzia asembli ya kompyuta za sasa, haya ndo niliyokutana nayo

Vitu vya kujifunzia asembli, yaani lugha ya kuipa prosesa amri moja moja, vipo kibao na vingi ni bure, shida vingi vinakufundisha mashine ambayo hata huna. Unafungua video jamaa anaanza na int 21h, amri ya kuomba huduma kwenye DOS, mfumo wa zamani, prosesa ya 8086 ya mwaka 1978, rejista (visanduku vya namba ndani ya prosesa) za biti 16, kwenye Linux ya leo haiendi popote. Wengine wamesogea kidogo wapo kwenye int 0x80, njia ya programu kuiomba Linux ifanye kazi kwa kutaja namba, namba 4 ya kuandika, namba 1 ya kutoka, ila hiyo nayo ni ya biti 32. Laptop nyingi tulizonazo ni x86-64, yaani za biti 64, pale ombi unalituma kwa amri ya syscall na namba zimebadilika, kuandika ni 1, kutoka ni 60. Sasa ona balaa lake, 1 ya zamani ni kutoka na 1 mpya ni kuandika, ukichanganya mafunzo mawili programu inazima kimya kimya bila kulalamika popote, unabaki unakodoa macho.

Kuna kozi moja nililipia, tangazo linasema ya kisasa, ndani biti 32 mwanzo mwisho. Hela ikaenda.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni Compiler Explorer, wengi wanaiita godbolt tu kwa jina la aliyeitengeneza, Matt Godbolt, ipo tangu 2012. Ni tovuti, huweki kitu kwenye mashine yako, kushoto unaandika C, kulia inakutemea asembli hapo hapo, mistari imepakwa rangi kwa hiyo unajua huu umetokana na upi, ukipeleka mshale juu ya amri inakuambia kazi yake. Niliandika funksheni ndogo ya kuzidisha namba mara 5 nikawasha -O2 (kuiambia kompaila, programu inayogeuza C kuwa asembli, iboreshe kodi), nikategemea kuona imul, amri ya kuzidisha, ikaja lea eax, [rdi+rdi*4]. Nikaitazama weee. Yaani kompaila imechukua amri ya kupigia hesabu za anwani za memori, ikaitumia kupata namba jumlisha mara nne yake, ikaweka ret ya kurudi ilikoitwa, imemaliza. Na hapo unajifunza bila hata kufundishwa kwamba kwenye Linux kitu cha kwanza unachopitisha kinaingilia rdi, cha pili rsi, Windows wao wanaanzia rcx.

Ila godbolt peke yake inakufanya msomaji tu. Kuandika nimeandika na NASM, inayogeuza asembli kuwa programu, kukagua na gdb, ya kuifuatilia programu ikiwa inaenda. gdb ukiifungua inatisha kwa kweli, lakini andika layout asm, halafu layout regs, kisha andika stepi, amri moja moja, uone rejista zinavyobadilika. Ndo nikaona baada ya syscall rcx na r11 zimebadilika wakati programu yangu haijazigusa, sasa fikiria mtu anahesabia mzunguko wake kwenye rcx na ndani kuna syscall, atazunguka mpaka kesho. Manyuali za Intel ni PDF za bure, kurasa zaidi ya 4,000, hizo ni za kuchungulia amri unayoitaka, usianze nazo utaacha.

Asiye na laptop asikate tamaa, kwenye Android weka Termux, app ya kuandikia amri kama za Linux, humo ndani weka clang, kompaila, kisha andika uname -m. Ikijibu aarch64 uko vizuri, ikianza na armv ujue mfumo wako ni wa biti 32. Kwenye ARM64, ndo hiyo aarch64, namba ya ombi inakaa kwenye rejista ya x8, unaita svc #0, kuandika ni 64 na kutoka ni 93. Kila amri ni baiti 4, haina mambo ya x86 ya hii baiti 1 ile 15, kwa anayeanza mi naona inasomeka kirahisi zaidi. Kinachochosha ni kibodi ya simu, mabano ya mraba kila saa unayatafuta, mimi nimeishia kuchomeka kibodi ya kawaida kwa waya wa OTG na inakubali fresh tu.