RCBS Rock Chucker Supreme: Seti ya Kujazia Risasi Nyumbani, na Macho Yanayotakiwa Kuwa Juu Yake

Habari zenu watazamaji, karibuni tena. Leo mezani nina seti ya RCBS Rock Chucker Supreme, ile inayokuja na karibu kila kitu anachohitaji mtu anayeanza kujaza upya maganda ya risasi nyumbani.

Kabla sijaigusa, neno kwa ndugu zangu mnaonitazama kutoka Afrika Mashariki. Mimi niko Texas. Hapa Marekani sheria ya shirikisho haimdai leseni mtu anayejaza risasi za matumizi yake mwenyewe. Leseni inatakiwa ukitaka kuzitengeneza kwa kuuza. Kenya na Tanzania hali ni nyingine kabisa, huko kutengeneza risasi bila kibali cha serikali ni kosa la jinai. Kwa hiyo anayetazama akiwa Arusha au Eldoret, tazama upate kujua kazi hii ilivyo, usiijaribu.

Haya. Wengi wakichambua vifaa hivi wanahesabu kasi: risasi ngapi kwa saa. Mimi naipima seti hii kwa jambo moja tu, je, inamsaidia mtu kuweka akili yake kwenye ganda lililo mbele yake? Maana hapa tunashika baruti. Risasi ya 9mm Luger imewekewa kikomo cha shinikizo cha pauni 35,000 kwa inchi ya mraba. Tairi la gari lako lina kama 35. Mara elfu moja, na kitu hicho kinapasukia sentimita chache kutoka kwenye vidole vyako na uso wako.

Tuanze na mashine yenyewe. Ni chuma cha kusubu, nzito, na ukiifunga kwa bolti kwenye meza imara haitikisiki. Ni mashine ya hatua moja: kila ukivuta mkono wake inafanya kazi moja tu. Unabana maganda yote kurudisha umbo, ukimaliza unafungua kalibu, kile chombo kinachobana ganda, unafunga nyingine, unaendelea na hatua inayofuata. Kuna mashine kama za Dillon ambazo kila ukivuta mkono zinakutolea risasi kamili. Ni mashine nzuri mno kwa mtu aliyezoea. Lakini kwa anayeanza, mambo manne au matano yanatokea kwa mpigo mmoja, na macho ni mawili. Hii Rock Chucker inakulazimisha uende polepole, na mimi kwa mtu mpya nauona huo kuwa ubora wake mkubwa kuliko hata hicho chuma.

Sasa njooni karibu mwone hiki kibao cha matundu. Kimo ndani ya seti, na watu wengi wanakipita kama kitu cha kupangia tu. Kwangu mimi ndicho kifaa cha usalama namba moja hapa mezani.

Chukua ganda la .38 Special. Lilianzishwa mwaka 1898, enzi za baruti nyeusi iliyokuwa ikijaza nafasi kubwa, ndiyo maana ganda ni refu. Baruti za leo zinazoungua haraka zinahitaji kidogo tu, zinakaa chini kabisa. Ukimimina mara mbili kwenye ganda hilo hilo, baruti haimwagiki nje. Ganda linapokea. Ukishaweka kichwa cha risasi juu yake hakuna tena jicho litakaloona kosa, mpaka bastola ipasuke mkononi.

Ndiyo maana ninafanya hivi, tazameni. Maganda yenye fataki tayari, kile kikofia kidogo kitakoni mwa ganda kinachowasha baruti, nayapanga mdomo chini. Nachukua moja, naligeuza, naweka baruti, nalihamishia kwenye kibao cha pili mdomo juu. Ganda lililoinama halina baruti, lililosimama linayo. Hakuna cha kukumbuka. Kibao kikijaa nachukua tochi, namulika kila tundu, nalinganisha kimo cha baruti ganda kwa ganda. Lenye baruti nyingi au kidogo kuliko majirani zake linamwagwa na kupimwa upya, hata kama moyo unaniambia ni kivuli. Naweka vichwa palepale baada ya kukagua, siondoki mezani nikiacha maganda wazi. Na ukiweza kuchagua, chagua baruti inayojaza zaidi ya nusu ya ganda, ili ukikosea mara mbili imwagike mezani na uione.

Ganda lisilo na baruti kabisa nalo ni hatari. Fataki peke yake ina nguvu ya kusukuma kichwa kikaingia ndani ya mtutu na kukwama humo. Ukifyatua ukasikia mlio hafifu, au mkono haukusukumwa kama kawaida, simama hapo hapo. Usivute tena. Elekeza bunduki mahali salama, toa risasi zote, kisha uchungulie mtutu kutokea upande wa chemba. Risasi ya pili ikiifuata iliyokwama, mtutu unavimba au unapasuka.

Mizani. Seti inakuja na mizani ya mkono, isiyotumia umeme, inasoma hadi sehemu ya kumi ya greni. Greni moja ni kama gramu 0.065, kwa hiyo tunazungumzia vitu vidogo sana. Naipenda kwa sababu haidanganywi na simu iliyo karibu wala betri iliyochoka. Ila upepo wa kiyoyozi unaicheza, na lile jiwe kubwa likisogea pengo moja bila wewe kujua, umeongeza greni kadhaa. Hapa nina malalamiko: hawakuweka mawe ya mizani ya kuhakikishia. Nunua. Kila unapokaa kuanza, weka jiwe la uzito unaoujua, soma, ndipo uanze kazi.

Kipimia baruti, Uniflow, kinapima kwa ujazo, kwa hiyo lazima ukihakikishe kwa mizani, mwanzoni na kila baada ya maganda kadhaa. Mkono wake uende sawasawa, juu mpaka mwisho, chini mpaka mwisho. Ukimaliza kazi rudisha baruti kwenye kopo lake. Usiilaze ndani ya kipimia: baruti nyingine zinakula plastiki, na wiki ijayo hutajua ni baruti gani iliyomo. Hii ndiyo sababu mezani kwangu kuna kopo moja tu la baruti kwa wakati mmoja. Mengine yako kabatini, yamefungwa. IMR 4350 na H4350 zina namba ile ile, lakini si baruti ile ile, na vipimo vyake havibadilishani.

Kitabu cha vipimo vya baruti kimo, cha kampuni ya Nosler. Kisome kabla hujafungua boksi la mashine. Anza na kipimo cha chini walichoandika, panda kidogo kidogo ukikagua maganda yako. Kipimo ulichopewa na rafiki kwa mdomo, au ulichokiona mtandaoni, hata kutoka kwangu mimi, kihakikishe kitabuni kwanza. Ndiyo maana katika video zangu sitaji vipimo.

Fataki unaziweka kwa kile kifaa cha mkono. Vaa miwani ya kinga. Ikikataa kuingia usiilazimishe. Zikae kwenye boksi zake za kiwandani, usizimimine kwenye chupa, kwa sababu moja ikilipuka zitaitikia zote.

Sasa nizungumze na ninyi wenzangu wa ughaibuni, maana hili halimo kwenye kitabu chochote. Sisi simu zetu zinalia usiku. Kule nyumbani ni asubuhi, mama anapiga, mdogo wako ana shida ya ada, na simu ya mama haikatwi. Basi simu ikae chumba kingine, na waambie wa ndani kwamba saa hii huitwi. Umetoka zamu ya usiku, umechoka? Usikae mezani. Umekunywa bia moja? Usikae mezani. Ukikatizwa katikati ya kumimina baruti, usijaribu kukumbuka uliishia wapi. Mwaga kibao kizima, anza upya. Utapoteza dakika kumi.

Watoto wasiingie humo. Masalio ya fataki yana risasi, ile madini yenye sumu, na vumbi linalotoka unaposafisha maganda linayo pia. Usile wala kunywa mezani, nawa mikono kwa sabuni na maji baridi kabla ya kumshika mtoto. Baruti ikimwagika, fagia kwa brashi; mashine ya kufyonza vumbi inaweza kutoa cheche.

Kwa hiyo, ninunue au nisinunue? Kwa anayeanza, na anayejaza maganda machache ya kuwindia au kulengea shabaha, nunua. Jua tu kwamba kalibu na kishikio cha ganda vinauzwa kando kulingana na aina ya risasi yako, na ongeza mawe ya mizani, kibao cha pili na miwani. Kama unapiga mamia ya risasi za bastola kila wiki itakuchosha mkono, lakini hata wewe ningekushauri uanze nayo kabla ya kwenda kwenye mashine za haraka. Na kama pesa ya mwezi huu inatosha kitu kimoja tu, chukua kitabu, usome, mashine utaikuta dukani mwezi ujao.