Kliniki ya ngozi iliyogundua limfoma ya kaka yangu: wanapofanya vizuri na wanapopungua

Nimemsindikiza kaka yangu mkubwa kwenye kliniki kadhaa za ngozi, na hii ndiyo ya kwanza ambayo daktari alimwomba avue nguo kabla ya kutamka neno lolote kuhusu dawa. Kwa jambo hilo moja naisifu kuliko kwa mengine yote. Ugonjwa aliokuwa nao, limfoma ya ngozi, yaani saratani ya chembe nyeupe za damu inayojitokeza kwenye ngozi, hupenda kujificha mahali pasipopigwa na jua: makalioni, kiunoni, ubavuni, sehemu ya ndani ya mapaja, na kwa wanawake kwenye matiti. Kwingine kote kaka alikuwa anapandisha shati kidogo, daktari anachungulia baka moja, anaandika krimu, mgonjwa mwingine anaitwa.

Niwaeleze mabaka yenyewe, maana wengi wetu tumezoea kusikia kwamba ugonjwa wa ngozi huanza na wekundu. Kaka ana ngozi nyeusi, na yake hayakuwa mekundu hata kidogo. Mengine yalififia yakawa meupe kuliko ngozi ya jirani, mengine yalikuwa ya hudhurungi inayoelekea zambarau, na juu yake ngozi ilikuwa nyembamba yenye mikunjo midogo kama karatasi iliyofinyangwa kisha ikanyooshwa. Yalikuwa na magamba kidogo. Usiku yalimwasha hadi anaamka. Akipaka krimu yanafifia, akiacha yanarudi palepale yalipokuwa. Kwa miaka hiyo yote yaliitwa fangasi, yakaitwa ukurutu, yakaitwa soriasisi, na kuna aliyesema ni mzio wa sabuni. Sisemi kwamba wote walikuwa wazembe. Mwanzoni limfoma hii hufanana mno na ukurutu, hata chini ya hadubini, na duniani kote ni kawaida miaka kupita kati ya baka la kwanza na jibu la uhakika. Ninacholaumu ni kubadilisha krimu mara kwa mara bila mtu kujiuliza kwa nini haziponyi.

Hapa uchunguzi ulichukua muda na haukuwa na haraka. Daktari aliuliza kila baka lilianza lini, linarudi palepale au linahamahama, na kuna dawa gani mpya zilizotangulia. Akakwangua magamba na kuyatazama kwenye hadubini ili aondoe fangasi kwenye hesabu. Kisha akamwambia kaka afumbe macho, akawa anagusa mabaka meupe kwa ncha ya pamba, na kaka anaonyesha kwa kidole alipoguswa. Nilipouliza sababu, alinijibu kwamba ukoma pia huleta mabaka yaliyofifia, ila ya ukoma mara nyingi hupoteza hisia. Kaka alihisi kila mguso. Baada ya hapo akapapasa mitoki ya shingoni, makwapani na kwenye kinena.

Kilichonivutia zaidi ni namna walivyopima ukubwa. Kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole vyake ni takribani asilimia 1 ya ngozi yake, basi daktari akawa anahesabu viganja huku muuguzi akichora kila baka kwenye mchoro wa mwili, mbele na nyuma. Mabaka yakiwa chini ya asilimia 10 ya mwili, mgonjwa yuko kundi moja. Yakifika 10 au kuzidi, anaingia kundi jingine. Picha zilipigwa kwa ridhaa yake, rula ikiwa pembeni, na picha hizo bado zinatumika kulinganisha kila tunapokwenda.

Kabla ya kuchukua kinyama cha kupima walimtaka aache krimu ya steroidi, dawa ya kutuliza uchochezi wa ngozi, kwa wiki kadhaa. Hili hatukuwahi kuambiwa mahali pengine, na nadhani lina uzito kuliko mashine yoyote waliyonayo. Steroidi huzifukuza seli zinazotafutwa, kwa hiyo kipande kikikatwa mtu akiwa bado anapaka, maabara inaweza kutazama na isione cha maana. Zilikuwa wiki ngumu, muwasho ulirudi kwa nguvu, lakini walimpa mafuta laini ya kulainisha ngozi na kidonge cha kupunguza kuwashwa usiku. Hawakumwacha ateseke kimya.

Siku ya kukata walichagua mabaka mawili yaliyokuwa mazito zaidi. Sindano ya ganzi iliuma kidogo, halafu kijembe cha duara chenye upana wa milimita chache kikazungushwa, kipande kikatoka, jeraha likafungwa kwa uzi. Majibu ya kwanza yalisema kuna uchochezi wa ngozi usio na sura maalumu. Hapo ndipo ninapotenganisha kliniki nzuri na nyingine. Daktari huyu hakulifunga faili. Alisema alichokiona kwa macho hakilingani na karatasi, na kwamba ni jambo linalojulikana kuwa kipande cha kwanza kinaweza kisitoe jibu, akapanga vichukuliwe vingine baada ya muda.

Safari hii majibu yalikuja na maelezo marefu, na alituketisha akatufafanulia mstari kwa mstari. Seli T, zile chembe nyeupe za damu zinazolinda mwili, zilikuwa zimepanda hadi tabaka la juu kabisa la ngozi, nyingine zimejipanga mstari, nyingine zimejikusanya vikundi vidogo. Zilipotiwa rangi za kipimo, karibu zote zilikuwa za aina ya CD4, na nyingi zilikuwa zimepoteza CD7, alama ambayo seli T za kawaida huwa nayo. Kipimo cha jeni kikaonyesha kwamba zilitokana na seli mama moja. Hata hivyo hakutegemea kipimo kimoja. Alikaa na mtaalamu wa maabara, wakaweka picha za ngozi na vipande pamoja, ndipo wakaandika jina: mikosisi fungoidi.

Ndiyo limfoma ya ngozi inayopatikana zaidi kuliko nyingine, na si ugonjwa mpya. Daktari Mfaransa Jean-Louis Alibert aliueleza mwaka 1806. Wifi yangu aliuliza swali ambalo sote tulikuwa nalo moyoni, kama anaweza kuambukizwa kwa kulala kitanda kimoja naye. Daktari alimtazama usoni akasema hapana, hauambukizi, wala hautokani na uchafu. Wifi alilia pale pale, na hakuna aliyemharakisha. Kisha tukaelezwa hatua: mabaka bapa, mabaka yaliyoinuka na kuwa manene, halafu uvimbe, na kwamba wagonjwa wengi hawafiki kabisa kwenye uvimbe. Kaka hakufika asilimia 10, mitoki haikuvimba, damu ilikuwa safi. Kwa mtu aliye katika hatua hiyo umri wa kuishi kwa kawaida haupishani na wa watu wengine. Niliomba aliseme tena, na alilisema tena bila kuchoka.

Alitutajia pia dalili za kukimbilia hospitali. Ngozi ya karibu mwili mzima kubadilika rangi na kuwaka, muwasho usiovumilika, viganja na nyayo kuwa nene na kupasuka, nywele kupungua, mitoki kuvimba: hizo zinaweza kuwa ugonjwa wa Sézary, ambapo seli mbaya zimeingia kwenye damu kwa wingi. Uvimbe unaokua haraka au kidonda kinachochimbika juu ya baka la zamani navyo si vya kusubiri miadi. Na kuna limfoma nyingine za ngozi zinazotoka kwenye seli B, aina nyingine ya chembe nyeupe za damu, na limfoma hizo mara nyingi hujitokeza kama vivimbe vigumu kichwani, mgongoni au miguuni, pengine bila kuwasha kabisa.

Sasa wanapopungua. Majibu yalitumwa kwenye simu ya kaka kabla ya kuitwa, akalisoma neno limfoma peke yake, usiku, bila mtu wa kumuuliza. Hilo halifai, na niliwaambia. Neno kama hilo mtu alisikie kutoka kwenye kinywa cha anayeweza kulieleza. Pazia la chumba cha uchunguzi halifungi vizuri, na kwa kliniki inayomtaka mtu avue nguo zote hilo si jambo dogo. Hakuna pia aliyemuuliza kama angependa kuhudumiwa na mwanamume. Na kile kijitabu wanachogawa kina picha za ngozi nyeupe tupu, mabaka yote mekundu. Mtu mwenye ngozi kama ya kaka akikisoma ataamini kabisa kwamba yake ni kitu kingine. Hili linaniuma kwa sababu mabaka yaliyofifia huonekana zaidi kwa watu weusi, na hata vijana huyapata.

Tiba anayopata ni krimu kali ya steroidi, safari hii ikiwa na lengo na kipimo chake, pamoja na mwanga wa UVB, aina ya miale ya urujuanimno, wa nanomita 311. Anasimama ndani ya kabati la taa, macho yamefunikwa kwa miwani maalumu, kwa muda mfupi unaoongezwa kidogokidogo. Ni mara tatu kwa wiki, na kabati linafanya kazi saa za ofisi tu, kwa hiyo mwajiriwa atapata shida na bosi wake. Wahudumu wa chumba hicho wako makini: kila mara wanauliza kama ngozi iliungua baada ya mara iliyopita kabla hawajawasha taa. Mabaka ya mgongoni yamelainika, na sasa kaka analala hadi asubuhi.

Ukienda, beba mirija ya krimu zote ulizowahi kutumia, hata iliyokwisha, na picha za mabaka za zamani kama zipo kwenye simu. Usipake chochote asubuhi hiyo. Omba pazia la pili mapema, wanalo, ila hawalitoi mpaka uulize.