Wiki Nane za Kujifunza Filamu, na Ugomvi Wangu juu ya Neno "Huenda"

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikitafiti kilimo cha mwani katika pwani ya mashariki ya Unguja, ambako zao hili lilianza kulimwa kibiashara mwaka 1989, na kwa muda wote huo matokeo ya kazi yangu yamesomwa na watu wanaofanya kazi kama yangu. Kina mama wa Paje na Jambiani, waliosimama majini pamoja nami nikipima joto la bahari, hawajawahi kuona hata ukurasa mmoja. Aibu hiyo ndiyo iliyonifanya nilipe shilingi 650,000 kujiunga na kozi ya wiki 8 ya kutengeneza filamu za hali halisi, iliyotangazwa kuwa ni ya watafiti, katika chuo kidogo cha binafsi jijini Dar es Salaam. Filamu yangu ya dakika 12 imekamilika, na haya ni maoni yangu kwa mtafiti mwingine anayefikiria kutoa fedha yake.

Ufundi wa kamera ulifundishwa vizuri, kwa sababu tulielezwa chanzo cha kila kanuni. Kwa mfano, tulirekodi picha 25 kwa sekunde na kuweka shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila picha, katika 1/50 ya sekunde kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50, na ukienda kinyume unaweza kuona taa za chumbani zikipepesa kwenye picha. Tulifundishwa pia kukadiria mafaili kabla ya kutoka nyumbani, kwani saa moja ya video ya megabiti 100 kwa sekunde hula takriban gigabaiti 45. Uhariri tuliufanya kwa programu ya DaVinci Resolve, ambayo toleo lake la bure linatosha kabisa kwa kazi ya aina hii, ingawa kompyuta yangu ya ofisini imezoea majedwali tu na ilinibidi niazime ya mdogo wangu.

Nilipofika baharini nilitambua kwamba masomo haya yaliandaliwa na watu wa nchi kavu. Tulihimizwa kupiga picha alfajiri na jioni, mwanga ukiwa laini, lakini mwani haufuati saa hizo. Wakulima huingia majini wakati wa bamvua, siku ambazo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida, na Unguja maji ya bamvua hupwa sana baina ya saa nne na saa sita, jua linapoelekea utosini na nyuso zimezama katika kivuli cha kofia za ukili. Nilijifunza peke yangu kumwomba kijana ashike shuka jeupe ili lirudishe mwanga usoni, na kufunga kwenye lenzi kichujio cha kuondoa mng'aro wa maji, kwa maana bila ya hicho bahari ilikuwa kioo kitupu na shamba halikuonekana. Kuhusu sauti, mazoezi yote yalifanyika darasani, na sponji ndogo tuliyopewa kufunika maikrofoni haikuweza kitu mbele ya upepo wa kusi. Mahojiano ya siku nzima yalipotea.

Lililonipa thamani ya fedha yangu, hata hivyo, ni ugomvi. Maelezo yangu ya awali yalikuwa kurasa 11, na mwalimu aliyapunguza hadi ukurasa mmoja, jambo ambalo nilistahili. Lakini alifuta pia kila "huenda", akataka sauti ya msimulizi itamke kwamba joto la bahari linaua kotonii, aina ya mwani yenye bei nzuri kuliko aina nyingine inayolimwa, spinosamu. Nilikataa. Joto limo, lakini kuna pia ugonjwa unaopausha na kulainisha matawi mpaka yakatike, magugu ya baharini yanayojishika kwenye mwani, na mvua kubwa zinazopunguza chumvi katika maji ya kina kifupi. Mwalimu hakubishana nami. Aliniuliza tu: "Hiyo huenda yako inaonekanaje?" Sikuwa na jibu kwa juma zima. Hatimaye nilimfuata mkulima mmoja aliyefunga aina zote mbili kwenye kamba jirani, nikarudi kila bamvua kwa wiki 6 kurekodi kamba zile zile. Katika picha ya mwisho ameshika matawi mawili ya kotonii, moja limepauka, jingine bado limenona, naye anasema: "Hili limeshakufa, na hili bado halijijui." Hakuna aya niliyowahi kuandika iliyobeba shaka yangu kwa usahihi kiasi hicho.

Suala la ridhaa lilipitwa kwa nusu saa, na hapo nilisikitika. Katika utafiti tunaficha majina ya wanaotueleza mambo yao, ilhali kamera inaonyesha uso, nyumba na watoto, na kibali changu cha utafiti hakikutaja kamera popote. Ilinilazimu kurudi kuomba upya, mtu kwa mtu, na wawili walikataa.

Filamu tuliionyesha usiku kwenye ukuta wa ghala la mwani, baada ya mwalimu kuipitisha na kuisifu. Bi mkubwa mmoja alisimama kabla haijafika nusu: "Mwanangu, maji yanajaa, sisi ndiyo kwanza tunaingia baharini? Umetufanya wendawazimu." Nilikuwa nimepanga picha kwa uzuri wake, nikaweka za mwisho mwanzoni. Nilirekebisha usiku ule ule.

Ningelipa tena ada ile, ila ningeomba somo la sauti lipewe wiki mbili, na lifanyike ufukweni mwezi wa Julai, kusi likivuma.