Sabufa yenye swichi ya fezi: tathmini baada ya miezi minne

Sabufa hii ya inchi 10, niliyoinunua ili izisaidie spika mbili ndogo za sebuleni, nusura niirudishe dukani wiki ya kwanza, kwa sababu nilipoketi kwenye kochi gitaa la besi lilisikika kama limefunikwa blanketi, ilhali aliyesimama mlango wa jikoni alilalamika kwamba mdundo umezidi. Spika yenyewe ilikuwa nzima. Nyuma yake ipo swichi ndogo yenye alama mbili, 0 na 180, nayo ndiyo ninayoithamini leo kuliko wati zake zote.

Fezi, ambayo katika fizikia huitwa pia awamu, ni mahali wimbi lilipofikia katika mzunguko wake kwa wakati fulani. Mzunguko mzima huhesabiwa nyuzi 360. Kwa hiyo mawimbi mawili yaliyopishana kwa nyuzi 180 hukutana moja likiwa kileleni na jingine bondeni, na hapo hufifishana badala ya kuongezana nguvu. Mlio mmoja unaosikika peke yake hauathiriwi. Tatizo huja milio miwili ya masafa yaleyale, yaani yenye idadi sawa ya mitetemo kwa sekunde, inapokutana. Kwangu ilikutana kwenye hezi 80 (mitetemo 80 kwa sekunde), pale spika ndogo zinapoachia na sabufa inapopokea. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde katika hewa ya nyuzijoto 20, hivyo wimbi la hezi 80 lina urefu wa karibu mita 4.3, na sabufa yangu, iliyokaa kando ya dirisha, ilikuwa mbali na kochi kwa mita mbili zaidi kuliko spika zile, yaani karibu nusu ya wimbi. Nilipoipeleka swichi kwenye 180, besi ilijaa papo hapo.

Ninachokilaumu ni kijitabu cha maelekezo, ambacho kimeitaja swichi hii kwa sentensi moja isiyoeleza chochote, jambo linalomwonea mnunuzi. Aidha, haina hatua za katikati, kwa hiyo umbali wa robo ya wimbi hauwezi kurekebishwa ila kwa kuisogeza sabufa yenyewe.

Atakayeinunua aketi mahali pake pa kawaida, apige mlio wa hezi 80, mwenzake aigeuze swichi, kisha aiache upande wenye besi nzito zaidi. Mwezi uliopita niliihamishia sabufa katikati ya spika mbili, na swichi ikarudi 0.